Marejeo Mia Moja Sitini na Tatu

Mkutubi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna hospitali inayoutibu: hakuwahi kuiamini nambari aliyopewa na mtu mwingine. Ukimwambia kikao kina watu kumi na wawili, atakuitikia vizuri, atatabasamu, kisha atahesabu viti. Wenzake wa maktaba ya chuo walimpachika jina la Chujio, naye alilipokea bila kinyongo.

Kazi yake ilikuwa kupima maandishi ya walimu wa chuo yamewafaa watu wangapi. Mwalimu akitaka kupanda cheo, faili lake linashuka hadi ghorofa ya chini, kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama mapipa ya taka ya jengo la kemia, na Chujio anatafuta ni waandishi wangapi duniani wameitaja kazi ya mwalimu huyo katika maandishi yao. Kila anayeitaja ni rejeo moja. Kompyuta ingeweza kumpa jumla kwa dakika mbili, na kwingine ndivyo wanavyofanya: wanabonyeza, wanaandika, wanakwenda kunywa chai. Yeye hakuridhika na kubonyeza. Alifungua kila andiko, akaitafuta sentensi yenyewe, akaisoma, halafu akatia alama ya penseli kwenye daftari alilolichora safu tatu. Safu ya kwanza aliiita Wapita Njia, yaani wale waliotaja kazi ya mtu kama anayepunga mkono akipita, bila kuingia ndani. Ya pili ni Wageni, waliokaa wakasoma. Ya tatu ni Wagomvi, waliosoma na kupinga. Fomu ya chuo haikuwa na habari na safu hizo. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, cha jumla.

Faili lililokuwa mezani asubuhi hiyo lilikuwa la mama mkwe wake. Usishtuke, yeye mwenyewe alishtuka kabla yako. Alimwandikia msajili wa chuo barua kueleza kwamba mhusika ni mama mzazi wa mume wake na kwamba kazi hiyo apewe mtu mwingine. Msajili alijibu kwa mistari miwili kwamba mtu mwingine anayeijua kazi hiyo hayupo, na kwamba nambari haina ukwe. Alipomaliza kuusoma mstari wa pili Chujio alisonya, kisha akaanza kazi.

Mama mkwe alikuwa mwanasaikolojia wa watoto. Wanafunzi walimwita Daktari Taratibu, kwa sababu katika miaka thelathini hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha neno wala hatua. Mwisho wa mwezi huo angetimiza sitini, na kwa kanuni za chuo mwalimu akifika sitini anakwenda nyumbani, isipokuwa awe profesa kamili, ambaye huongezewa miaka mitano. Alikuwa na chumba ghorofa ya pili, chenye meza fupi na viti vifupi, ambako watoto ishirini na mmoja waliokuwa na mizigo mizito kuliko umri wao walikuja kukaa naye Jumanne na Alhamisi. Hakukuwa na mwingine wa kukirithi. Watu wa ofisi ya mitihani walishakuja na futi kupima pale watakapoweka mashine zao za kuchapa.

Kamati ya vyeo ilikuwa ikutane saa nane mchana. Kanuni ilidai kwamba anayeomba uprofesa awe na angalau kazi moja yenye marejeo yasiyopungua mia moja na hamsini. Kompyuta ilikuwa imeshasema kwamba makala kuu ya Daktari Taratibu ina marejeo mia moja sitini na tatu. Mume wa Chujio alikuwa ameshawatangazia ndugu, na shemeji mmoja tayari alimwita mama yake Profesa kwenye simu.

Makala hiyo Chujio aliiacha iwe ya mwisho. Ukweli wenyewe ni kwamba miaka tisa ya ukwe ilikuwa imepita bila yeye kuisoma. Alijua inahusu watoto waliofiwa na mzazi, na hilo lilimtosha, maana nani anataka kusoma mambo hayo akitoka kazini? Alifika ofisini saa moja, akafungua kompyuta, akachonga penseli, akaanza rejeo la kwanza.

Hadi saa tatu alikuwa ameanza kuhisi kitu kinamkwaruza. Sentensi ilikuwa inajirudia. Huyu ameandika, "Utafiti uliofanywa kwa watoto thelathini na nne umeonyesha kwamba mtoto anayeambiwa wazi kuhusu kifo cha mzazi wake huumia zaidi." Yule kaandika vilevile, kwa maneno yake. Wa tatu, wa nne, wa kumi. Wapo walioongeza kwamba kwa hiyo ni bora mtoto aambiwe mzazi amesafiri. Chujio hakujali sana, mpaka macho yake yalipoangukia ukurasa wa kwanza wa makala yenyewe, ambako mama mkwe alikuwa ameandika kwamba watoto walikuwa arobaini na tatu.

Mtu mmoja anaweza kugeuza tarakimu kwa usingizi. Watu sabini hawawezi kusinzia mahali pamoja.

Aliirudia makala. Jarida lililoichapisha lina mtindo wake: ukurasa wa kwanza linautoa bure kwa kila mtu, na kurasa zinazobaki huzioni mpaka maktaba yako iwe mwanachama. Kwenye huo ukurasa wa bure, chini kabisa, jedwali lilikuwa linaanza. Nusu ya kwanza ya jedwali ilihusu miezi sita ya mwanzo. Watoto walioambiwa ukweli walilia zaidi, waliamka usiku zaidi, walikataa chakula zaidi. Hapo karatasi ikaisha. Chujio aliingia kwa namba ya maktaba akageuza ukurasa, na nusu ya pili ya jedwali ikamwonyesha mwaka wa pili na wa tatu. Mambo yalikuwa yamegeuka juu chini. Walioambiwa ukweli walikuwa wanalala, wanacheza, wanasoma. Waliodanganywa ndio waliokuwa wanaharibika, na mmoja mmoja walikuwa wameacha kuamini kitu chochote walichoambiwa na mtu mzima. Mama mkwe alikuwa amemalizia kwa sentensi isiyo na kona: mtoto aambiwe, aambiwe mapema, na aambiwe na anayempenda.

Yaani dunia nzima ilikuwa inaitaja makala kwa kitu ambacho makala inakikataa. Walikuwa wamesoma ukurasa wa bure wakaishia hapo, na pengine hata huo hawakuusoma, wamenakiliana tu.

Chujio alirudi nyuma kwa tarehe, rejeo baada ya rejeo, kutafuta nani aliyeanza. Alimkuta. Kilikuwa ni kijitabu cha washauri wa shule za msingi, kilichotoka mwaka mmoja baada ya makala, chenye watoto thelathini na nne na maneno yaleyale. Picha ya jalada lake ilipofunguka kwenye kioo, Chujio aliitambua. Kijitabu hicho alikuwa nacho nyumbani.

Miezi minane iliyopita mdogo wake alifariki hospitalini, akaacha binti wa miaka sita. Nyumbani wanamwita Kidoti, kwa ajili ya alama nyeusi ya shavuni. Chujio na mumewe walimchukua siku ileile. Mshauri wa shule aliwaketisha, akawapa kijitabu, akawaonyesha kwa kidole: msimwambie, mwambieni mama amekwenda kusoma mbali. Chini ya ukurasa huo kulikuwa na jina la mama mkwe. Nani angebisha? Kidoti aliambiwa mama yuko masomoni. Tangu siku hiyo simu ikilia anakimbia kuipokea kabla ya watu wazima. Akirudi shule havui viatu mpaka saa ya kulala, akidai akijiwa ghafla hatapata muda wa kuvivaa. Na wiki iliyopita, wakiwa mezani, alimuuliza Chujio, "Mama Mkubwa, hivi mama anarudiarudia darasa? Mbona hamalizi?" Watu wazima walicheka kicheko cha kujificha, na yeye akawatazama mmoja mmoja, bila kucheka.

Sasa Chujio alikaa mbele ya kompyuta. Alimaliza kuhesabu kwa sababu kuhesabu ndicho kitu pekee alichoweza kufanya. Wapita Njia ishirini na mmoja. Wageni kumi na wanne, walioisoma hadi mwisho na kuielewa. Wagomvi hakuna. Waliobaki, mia moja ishirini na nane, ilibidi awachoree safu ya nne, na hakupata jina la kuwaita. Kwenye fomu aliandika mia moja sitini na tatu, kwa sababu ndiyo jumla na jumla ni kweli. Kisha alichukua karatasi nyingine nyeupe, akaandika maelezo ya mistari tisa yenye kichwa Ukurasa wa Pili, wa mwisho ukisema kwamba masahihisho ya mwandishi yamechelewa, akatia sahihi.

Kwa kanuni, anayeomba cheo lazima aione hesabu na kuisaini kabla haijapanda kwa kamati. Daktari Taratibu aliingia saa sita kasoro robo, miwani kichwani, kalamu mkononi tayari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona midomo imekukauka hivyo? Hujanywa chai wewe. Lete nisaini nikuache ule."

Chujio alizisukuma karatasi mbili juu ya meza. Mama mkwe alisaini ya kwanza akitabasamu, akaivuta ya pili, akashusha miwani. Alisoma polepole, kama afanyavyo kila kitu. Alipomaliza hakuuliza swali hata moja. Hapo ndipo Chujio alipojua, kwa sababu mtu anayekutana na jambo jipya huuliza.

"Ulijua," alisema.

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu yalipokuwa kumi na moja."

Alikuwa akihesabu miaka kwa marejeo, na alilisema hilo bila kuona ajabu yake.

"Niliwaandikia barua wenye kijitabu," mama mkwe aliendelea. "Barua kali, usidhani. Lakini unanijua, situmi kitu siku niliyokiandika. Niliiacha ipoe. Nilipoirudia yalishakuwa thelathini. Mwanangu, mimi nimeandika miaka ishirini bila kutajwa na mtu. Ishirini! Nilikuwa kama naongea na ukuta. Halafu ghafla wananitaja mpaka watu ambao lugha yao siwezi hata kuisoma. Nikasema, yakifika hamsini nitasahihisha. Yalipofika hamsini nikasema, ngoja mia."

"Na Kidoti?"

"Nilikwambia mimi ningemwambia ukweli."

"Ulisema mara moja, mama, tena kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. Nikakujibu mbona kijitabu kina jina lako. Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Daktari Taratibu aliangalia dirishani, kwenye mapipa. "Kwa sababu yalikuwa mia moja arobaini na sita," alisema.

Chujio alimpenda mwanamke huyu. Ndiye aliyemshika mkono chumba cha kujifungulia pale mimba yake ya kwanza na ya mwisho ilipoharibika, ndiye aliyewakataza ndugu kumuuliza atazaa lini. Na sasa alimchukia, kwa chuki ya wazi isiyo na haya, na mapenzi yenyewe hayakuwa yameondoka ili kuipisha nafasi.

"Sikiliza," mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya ofisini. "Wewe umeombwa nambari. Nani amekuomba ukurasa wa pili?"

"Hakuna."

"Basi utoe. Hujasema uongo. Nambari yako ni safi. Nikishapata cheo nitakuwa na nguvu ya kusahihisha, watanisikiliza. Sasa hivi nani atamsikiliza bibi anayestaafu? Nipe mwezi mmoja, nakuapia."

"Ulijipa mpaka hamsini, mama."

"Usinifanyie ujuaji!" Kiganja kilipiga meza, penseli ikadondoka. Hakuna aliyeiokota. "Nina watoto ishirini na mmoja kule juu. Yupo mmoja ameanza kuongea Alhamisi iliyopita, baada ya mwaka mzima. Mwaka mzima! Alisema neno moja. Ukipeleka hiyo karatasi, mwezi ujao pale panawekwa mashine ya kuchapa mitihani. Haya, niambie, nimpeleke wapi?"

Chujio alijua kwamba mama mkwe amemshika mahali panapouma na kwamba amepashika akijua.

Daktari Taratibu alisimama. Sahihi yake ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza; wa pili aliuacha mtupu mezani. "Ukiupeleka umenimaliza," alisema. "Nataka tu ulijue hilo, mwanangu." Kisha alitoka, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Chujio alisikia viatu vyake vikipita koridoni kwa haraka.

Saa mbili zilizofuata zilikuwa za adhabu. Chujio aliutia ukurasa wa pili kwenye droo, akautoa. Akautia tena. Mume wake alipiga simu kuuliza kama mambo yamenyooka, akamjibu yanakwenda, akakata. Alijaribu kujiambia kwamba watoto ishirini na mmoja wa kule juu ni wengi kuliko Kidoti mmoja, hesabu ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua. Lakini kazi yake haikuwa imemfunza kukubali jumla. Marejeo mia moja ishirini na nane hayakuwa alama za penseli; kila moja lilisomwa na walimu, wauguzi, mashangazi, baba wadogo, na mbele ya kila mmoja wao alikuwa amesimama mtoto anayeuliza swali. Hao hakuna aliyekuwa amewahesabu. Ilipofika saa nane kasoro dakika tano, alijikaza, akachukua karatasi zote mbili, akapanda ngazi.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na watu watano. Mwenyekiti alikuwa profesa wa madaraja, mtu mpole anayependa vitu vinavyosimama. Mkono wake wa kushoto aliketi profesa wa sheria, mama mkavu ambaye husoma hata maandishi madogo ya kwenye chupa ya maji. Chujio alisoma jumla. Vichwa vikaitikia. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua kalamu yake.

"Kuna ukurasa wa pili," alisema profesa wa sheria.

Waliusoma kwa zamu. Wa mwisho alipoweka karatasi chini, mwenyekiti alijikuna shingo. "Kanuni inataka idadi," alisema. "Haisemi idadi ya waliosoma vizuri. Tukianza kuuliza nani kasoma nini, nusu yetu hapa tutarudishwa vyeo." Mtu mmoja alicheka, akajuta.

"Isitoshe," mama wa sheria alidakia, "ukurasa huu hauna sahihi ya mhusika. Usiposainiwa si sehemu ya faili. Mwiteni. Akiukubali unaingia. Akiukataa tunautoa, na hatujauona."

Ndivyo mlango ulivyofunguliwa kwa Daktari Taratibu, mlango mpana, wenye zulia. Aliitwa kutoka koridoni akaja akasimama mwisho wa meza. Chujio alikuwa ameketi kando ya ukuta, umbali wa hatua tatu. Alitaka mama mkwe aseme ndiyo, na alitaka vilevile aseme hapana, akose lawama, arudi juu kwenye chumba chake, na yote mawili aliyataka kwa nguvu sawa.

"Daktari," mwenyekiti alisema kwa upole, akiisogeza karatasi, "haya ni maelezo ya ziada ya mkutubi. Huwajibiki kuyakubali. Neno moja tu litatosha, tuendelee na mambo mengine."

Daktari Taratibu aliitazama karatasi. Alikwishaisoma, hakuhitaji kuisoma tena. Alimwangalia mwenyekiti, kisha chupa za maji, kisha akageuza shingo akamwangalia mke wa mwanawe. Uso wake haukuwa na msamaha hata chembe. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kubeba.

"Hapa pana kosa," alisema.

Kalamu ya mwenyekiti ilinyanyuka. "Tuutoe?"

"Kosa ni kwamba ameandika nilichelewa kusahihisha. Sikuchelewa. Nilikataa." Aliinama, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja, akaandika yake juu yake, akasaini.

Walimtaka atoke. Wakamtaka na Chujio atoke. Walikaa kwenye benchi moja koridoni, pengo la mtu mmoja katikati yao, kwa dakika arobaini. Katibu wa kamati alipotoka, aliongea akiangalia karatasi zake. Kamati imeona suala ni gumu. Kamati imeahirisha maombi hadi kikao kijacho ili kupata ushauri. Kikao kijacho ni mwakani, mwezi kama huu. Alisema pole, akarudi ndani akifunga mlango kwa uangalifu, kama anayemwacha mgonjwa amelala.

Mwakani Daktari Taratibu angekuwa mstaafu wa miezi kumi na moja. Wote wawili walilijua hilo bila kuambiana.

"Umeridhika?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana."

"Na mimi sijaridhika. Nina hasira na wewe mpaka meno yananiuma. Usitegemee nitakusamehe wiki hii, wala ijayo." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mtoto anatoka shule saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu. Basi linamfikisha nyumbani saa kumi."

"Twende. Mimi ndiye nitakayeanza. Wewe ukae karibu naye, awe na mahali pa kujiegemeza."

Walimkuta Kidoti sebuleni, begi mgongoni, viatu miguuni, anasubiri maziwa yake. Alifurahi kumwona Bibi siku ambayo si ya Bibi. Chujio alimvua begi akamkalisha kwenye kochi, akakaa ubavuni mwake. Mama mkwe alivuta kigoda akakaa mbele yao, magoti yake yakigusa magoti ya mtoto. Hakuzunguka mbuyu. Alimwambia mama hakwenda kusoma. Alimwambia mama aliugua, madaktari wakajitahidi, wakashindwa, na mama akafa, siku ile mvua iliponyesha na yeye akalala kwa Mama Mkubwa. Alimwambia aliyekufa harudi, na kwamba si kwa sababu hataki. Alimwambia watu wazima walikosea kumficha, na kwamba kosa kubwa lilikuwa la Bibi mwenyewe.

Kidoti alisikiliza bila kupepesa. Chujio alisubiri kilio, lakini hakikuja. Mtoto alikuwa anafikiri.

"Mama Mkubwa, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mwanangu."

Kidoti alikunja kidole kimoja. "Na Bibi?"

"Nilijua," alisema Bibi.

Cha pili. "Baba Mkubwa?"

"Alijua."

"Mwalimu wangu?"

"Naye alijua."

"Dereva wa basi?"

Chujio aliitikia kwa kichwa. Mkono mmoja ulikuwa umekwisha. Kidoti aliutazama mkono wa pili, akaufungua, akafikiria jirani, akafikiria watoto wa jirani, akauliza kuhusu hao pia, akajibiwa. Kisha aliacha kuhesabu, akaiweka mikono yote miwili mapajani.

"Kumbe ni mimi tu," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia, na kati ya wale wakubwa wawili hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia anyamaze.